Kukua kwa Mhusika katika Michezo ya Uhusika: Kati ya Karatasi na Tendo

Utangulizi

Neno "mhusika" limezoeleka mno katika uhakiki wa Kiswahili, hata mara nyingi twalitumia bila ya kujiuliza maana yake. Mwanafunzi wa shule ya upili akiulizwa juu ya mhusika fulani wa riwaya, hutoa orodha: ni mkarimu, ni mvumilivu, ana tamaa, na kila sifa huifuatishia mfano mmoja kutoka kitabuni. Mtahini hutia alama, na kazi imekwisha. Orodha hiyo si ya uongo. Hata hivyo, haitwambii lolote juu ya kile kinachotufanya tumfuate mhusika toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, yaani namna anavyobadilika na sababu za kubadilika kwake.

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala la kukua kwa mhusika kwa kuutazama utanzu ulio nje ya mazoea ya uhakiki wetu. Utanzu huo ni ule wa michezo ya mezani ambamo wachezaji hubuni wahusika na kuyaishi maisha yao kwa maneno. Watu wachache, aghalabu wanne hadi sita, huketi kuizunguka meza. Kila mchezaji humiliki mhusika mmoja aliyemuunda mwenyewe, naye husema kwa kinywa chake mhusika huyo anatenda nini. Mmoja wao hana mhusika wake maalumu. Huyo ndiye msimamizi. Kazi yake ni kuueleza ulimwengu wa hadithi, kuwasemea watu wengine wote waliomo, na kutoa uamuzi. Pakiwa na shaka kama tendo litafaulu, dadu hurushwa. Nguvu za mhusika, ustadi wake na mali yake huandikwa katika karatasi ambayo mchezaji huiweka mbele yake. Kikao kimoja huchukua saa kadhaa, na masimulizi ya kundi moja yaweza kuendelea kwa miezi au hata miaka.

Haifai kuichanganya michezo hii na mchezo wa kuigiza wa jukwaani. Hapa hakuna maandishi ya kukariri, wala hakuna watazamaji. Wale wanaosimulia ndio hao hao wanaosikiliza. Kwa sababu hiyo tutaiita michezo ya uhusika.

Hoja tutakayoitetea ni hii: mhusika hakui kwa kuongezewa sifa wala kwa kuongezewa nguvu. Hukua pale anapochagua jambo linalomgharimu, na gharama hiyo ikaachwa ibakie. Kutokana na hoja hiyo, yeyote anayetaka kumsaidia mhusika wa mchezaji kukua hana budi kuiandaa njia panda na kuliacha jibu mikononi mwa mwenye mhusika.

Asili ya michezo hii na kukua kwa hesabu

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa nchini Marekani mwaka 1974. Ulizaliwa kutokana na michezo ya vita, ambamo wachezaji waliyaongoza majeshi ya vinyago juu ya meza. Jambo jipya lilikuwa kuliacha jeshi na kumshika mtu mmoja. Mara mtu huyo alipokuwa na jina na maisha ya kuhifadhiwa toka kikao hadi kikao, swali la kukua kwake halikuweza kuepukwa.

Jibu la watunzi hao lilikuwa la hesabu. Mhusika hupata alama za uzoefu, na alama zikifikia kiasi fulani hupanda ngazi. Katika kanuni za mwaka 1974, mpiganaji alihitaji alama 2,000 ili afike ngazi ya pili, na mchawi alihitaji 2,500. Kila ngazi ilimwongezea uwezo wa kustahimili majeraha, na mchawi ilimfungulia uganga mpya. Tabia yake, kwa upande mwingine, ilipangwa tangu mwanzo katika mojawapo ya pande tatu: upande wa utaratibu, upande wa vurugu, au ule usioelemea kokote.

Msomaji wa fasihi atautambua mpango huu mara moja. Mwaka 1927 E. M. Forster, katika kitabu chake Aspects of the Novel, aliwagawa wahusika katika mafungu mawili ambayo wahakiki wetu wamezoea kuyaita bapa na duara. Mhusika wa 1974, kwa mujibu wa karatasi yake, ni bapa aliyerefushwa. Anapanda juu pasipo kupanuka. Mpiganaji wa ngazi ya tisa aweza kuwa na nguvu mara nyingi kuliko alivyokuwa katika ngazi ya kwanza, huku karatasi ikisema yale yale juu ya moyo wake.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Katika kanuni hizo, alama nyingi hazikutokana na kuua. Zilitokana na hazina: kipande kimoja cha dhahabu kilichotolewa salama kutoka mapangoni kilihesabiwa alama moja. Mhusika wa ngazi ya kwanza aliweza kufa kwa pigo moja. Mchezaji mwenye akili alijifunza upesi kwamba kupigana ni hasara, na kwamba afadhali kunyemelea, kulaghai, kufanya mapatano au kukimbia. Hivyo kanuni ambayo kwa sura ilihusu fedha ilimlea mtu mwerevu na mwenye hadhari. Hapo ndipo penye fundisho letu la kwanza: kanuni za mchezo ni malezi. Kile ambacho mchezo hukilipa ndicho ambacho mhusika hugeuka kuwa, apende mchezaji asipende.

Kanuni zilizojaribu njia nyingine

Watunzi waliofuata waliliona jambo hilo, na kila mmoja alibadilisha malipo. Mifano mitatu yatosha.

Wa kwanza ni RuneQuest wa mwaka 1978, ambao uliziondoa ngazi. Humo mhusika huendelea katika kile tu alichokitenda. Aliyeutumia upanga kwa mafanikio hupata nafasi ya kuuzidisha ustadi wa upanga. Aliyepanda mlima hupata nafasi katika kupanda. Tena, kadiri ustadi unavyokuwa mkubwa ndivyo nafasi ya kuuongeza inavyopungua. Yeyote aliyejifunza kazi ya mkono ataukubali ukweli huo. Karatasi ya mhusika ikawa aina ya kumbukumbu: ukiisoma waweza kukisia amepita wapi.

Wa pili ni Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen na kutolewa mwaka 1981. Humo wahusika ni watu wa kawaida wanaochunguza siri za kutisha. Wana kipimo cha utimamu wa akili, na kipimo hicho hushuka kila wanapoyaona yasiyostahimilika. Zaidi ya hayo, kadiri mhusika anavyozidi kuzijua siri hizo, ndivyo kikomo cha juu kabisa cha utimamu wake kinavyoteremka. Kujua kunamgharimu akili. Hapo hesabu ya mchezo ilisema jambo ambalo riwaya ililijua zamani, kwamba kukua si lazima kuwe kupanda. Rosa katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), analelewa kwa ukali, anapata uhuru asiouzoea, anapotoka, na mwisho anajiua. Maisha yake yanateremka, na bado hakuna mhakiki atakayesema kwamba ni mhusika asiyekua.

Wa tatu, na kwa maoni yetu ndio ulio tajiri zaidi, ni Pendragon wa Greg Stafford, uliotoka mwaka 1985. Wahusika wake ni mashujaa wa enzi ya Mfalme Arthur katika ngano za Uingereza. Hapa tabia yenyewe imetiwa katika hesabu. Zipo jozi 13 za sifa zinazopingana, kama vile huruma na ukatili, ukweli na udanganyifu, ushujaa na woga. Jumla ya kila jozi ni 20, hata mwenye huruma 13 ana ukatili 7. Shujaa akitenda tendo kubwa la ukatili, alama hutiwa kando ya neno hilo. Ukifika msimu wa baridi, wakati mashujaa wamerejea makwao, dadu hurushwa. Yaweza kuwa ukatili umepanda hadi 8 na huruma imeshuka hadi 12. Kisha mwaka huongezwa katika umri wake. Mashujaa huoa, huzaa, huzeeka na kufa, na mchezaji huendelea na mwana.

Uzuri wa mpango huu u katika mambo mawili. Kwanza, hakuna mwema asiye na chembe ya uovu iliyoandikwa karibu na wema wake. Pili, sifa hufuata tendo. Katika mchezo wa 1974, mhusika alitenda hivi kwa kuwa karatasi ilisema yeye ni mtu wa namna hii. Katika ule wa 1985, karatasi inasema yeye ni mtu wa namna hii kwa kuwa alitenda hivi. Huo ni mpinduko mkubwa, na tungependa wahakiki wa riwaya wauzingatie.

Karatasi kama kifungo

Ingekuwa kosa kudhani kwamba historia imekwenda kwa mstari mmoja kuelekea kwenye nuru. Toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014, lilimtaka mchezaji aandike mambo manne juu ya nafsi ya mhusika wake: mwenendo wake, itikadi yake, kitu au mtu aliyefungamana naye, na dosari yake. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tuangalie malipo. Msimamizi aliruhusiwa kumtunuku mchezaji aliyeonyesha vema mambo hayo, na tunu hiyo ilimsaidia katika kurusha dadu baadaye. Maana yake ni kwamba mchezaji hulipwa kwa kumweka mhusika alivyoandikwa. Mlevi hulipwa kwa kulewa tena. Aliyeandikwa "hamwamini mtu" hulipwa kwa kutomwamini mtu, hata baada ya wenzake kuyaokoa maisha yake mara tatu.

Hatusemi kwamba kanuni hiyo inakataza mabadiliko. Mchezaji aweza kuandika upya. Tunasema kwamba haiyalipi. Yalinganishwe na The Burning Wheel, mchezo wa Luke Crane uliotoka mwaka 2002. Humo mchezaji huandika imani za mhusika wake. Hulipwa anapozifuatia, lakini pia hulipwa anapofikishwa mahali ambapo imani inavutana na hali, akaumia, na akageuka dhidi yake mbele ya wenziwe. Imani hapo ni kama mti uliopandwa ili upepo uujaribu. Vivyo hivyo Dungeon World wa mwaka 2012 humpa mhusika alama ya uzoefu kila dadu inapomwangusha. Kushindwa kunahesabiwa kuwa somo.

Kwa hiyo karatasi yaweza kuwa kumbukumbu, na yaweza kuwa kifungo. Tofauti haiko katika wingi wa maneno yaliyoandikwa. Iko katika swali hili: mchezo unamlipa mhusika kwa kubaki, au kwa kujaribiwa?

Msimamizi: mama au ulimwengu?

Kanuni peke yake hazitoshi. Kundi moja laweza kuzitumia kanuni za ngazi na hesabu likazaa wahusika wenye kina, na jingine likatumia kanuni za Pendragon likazaa vinyago. Hapana budi basi tumwangalie msimamizi.

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii hutolewa kwa kawaida kama onyo. Katika michezo ya uhusika inaeleza mgawanyo wa kazi. Mchezaji ndiye mzazi wa mhusika. Yeye ndiye aliyempa jina, asili na ahadi. Msimamizi ni ulimwengu. Msimamizi anayekosea sana ni yule anayetaka kuwa mama. Huyo hupanga mapema kwamba mhusika fulani atamsamehe nduguye, kisha huusukuma mchezo mzima kuelekea msamaha huo. Mchezaji akichagua kisasi, msimamizi huona hadithi yake imeharibiwa. Kinachokua hapo ni mpango wa msimamizi, na mhusika amekuwa chombo chake tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchezaji ameunda askari aliyelitoroka jeshi lake baada ya kuwaacha wenzake vitani. Kwenye karatasi ameandika kwamba hatamwacha tena mwenzake yeyote. Msimamizi afanyeje?

Aweza, kwanza, kuisoma ahadi hiyo na kuipongeza. Hilo halimkuzi askari. Aweza, pili, kumletea kila kikao mwenzake aliye hatarini ili amwokoe. Hilo ni zuri mara moja. Mara ya nne limekuwa desturi isiyo na maana, kwa kuwa askari hana cha kupoteza anapoitimiza ahadi. Aweza, tatu, kuandaa hali ambamo ahadi hiyo ni ghali. Mwenzake amejeruhiwa njiani na hawezi kutembea. Katika kijiji kilicho mbele, watu wasiojua lolote watashambuliwa usiku huu huu, na askari peke yake ndiye aliye na habari. Akikaa, ameitunza ahadi na kijiji kimeteketea. Akienda, amerudia tendo lile lile lililomfanya mtoro, safari hii kwa sababu njema.

Katika njia panda kama hiyo hakuna jibu ambalo msimamizi ameliweka mfukoni. Mchezaji akinyamaza kidogo kabla ya kusema, kikao kimefaulu. Tutambue pia kwamba mambo mema mawili yanayogombana huzaa matunda zaidi kuliko wema na uovu. Kati ya wema na uovu, karatasi humjibia mhusika. Kati ya mema mawili, karatasi hunyamaza, na mtu analazimika kusema.

Lakini njia panda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo wasimamizi wengi huisahau, ni kuiacha gharama ibakie. Tuseme askari amekwenda kijijini, na mwenzake akachukuliwa na adui. Ikiwa katika kikao kinachofuata mwenzake huyo anapatikana mzima, mwenye furaha na asiye na lawama, basi uamuzi umefutwa. Afadhali arudi baada ya muda, akiwa hai, akiwa na kovu, na akimwita askari kwa jina tofauti na lile alilozoea kumwita. Wala si lazima amchukie. Inatosha kwamba hawezi tena kuwa kama zamani. Watu wale wale wakirejea, ndipo mhusika hupimwa; mtu mpya kila siku hana kumbukumbu ya kutushtakia.

Jambo la tatu ni nafasi. Mhusika anayekimbizwa na hatari mpya kila saa hana wakati wa kuwa na fikra. Majira ya baridi katika Pendragon yana faida kubwa kuliko hesabu zake: yanawalazimisha wachezaji kurudi nyumbani, kukaa, na kuulizana mwaka umetuachia nini. Msimamizi wa mchezo wowote aweza kuiga hilo kwa kutenga robo saa ya mazungumzo ya jioni, wahusika wakiota moto, bila adui yeyote kujitokeza gizani.

Pingamizi moja

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kuubebesha mchezo mzigo wa riwaya. Watu wanacheza ili waburudike. Kupanda ngazi kuna raha yake, na si kila mtu anayetaka kulia mezani baada ya kazi. Pingamizi hili lina uzito, na tunalikubali kwa sehemu. Mhusika bapa ana mahali pake katika sanaa. Sungura wa ngano zetu habadiliki toka ngano hadi ngano, na hadhira humpenda kwa sababu hiyo hiyo. Wamekuja kuona ujanja wake ukishinda tena. Vivyo hivyo mchezaji anayetaka mpiganaji mcheshi asiyebadilika ana haki naye. Kumlazimisha akue ni umama ule ule tuliokwisha kuukemea.

Lakini pingamizi hilo haliugusi msingi wa hoja yetu. Tumeona kwamba hata mchezo wa dhahabu na ngazi ulikuwa ukiwalea wahusika wake. Hakuna mchezo usiolea. Kundi laweza kuchagua malezi gani linayataka, na uchaguzi huo ni bora ufanywe kwa kujua.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika michezo ya uhusika kukua kwa mhusika hutegemea mambo matatu: kanuni zinalipa nini, msimamizi anaweka njia panda ya namna gani, na gharama ya uamuzi inaachwa au inafutwa. Katika yote matatu, karatasi ni shahidi wa tendo. Ikishika mahali pa tendo, mhusika hufa akiwa bado anapanda ngazi.

Fundisho hili latuhusu sisi walimu wa fasihi kwa njia ya moja kwa moja. Istilahi zetu za bapa na duara huitazama kazi iliyokamilika. Zinampima mhusika kama kitu kilichokwisha kufinyangwa. Na ile orodha ya sifa inayodaiwa katika mitihani ni karatasi ya mhusika ya mwaka 1974, isiyokuwa hata na dadu zake. Mwanafunzi anayesema kwamba Rosa ni "mtiifu" na tena ni "mpotovu", akatia mfano kwa kila neno, hupata alama zote mbili, naye hajaulizwa jinsi utiifu ule ulivyouzaa upotovu huu.

Tunapendekeza kwamba pamoja na swali la sifa, mwanafunzi aulizwe maswali mengine mawili: ni wapi mhusika huyu alikuwa na njia mbili mbele yake, na ile aliyoishika ilimgharimu nini? Ni maswali ambayo mchezaji yeyote mezani hujibu kwa kutenda. Msomaji wa riwaya aweza kuyajibu kwa kusoma, mradi mtahini awe tayari kusahihisha jibu lisiloweza kuhesabiwa kwa vidole.